Kanga ya Mama Mkwe Bustanini kwa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na mlango wake, jiko lake na mkwe wake, aliishi pimbi mmoja mjane, jina lake Sikudhani. Kama hujapata kumwona pimbi, mfikirie sungura aliyenyang'anywa masikio na mkia, akaachiwa wasiwasi peke yake. Ndiye huyo.

Nyumba yake ilikuwa ufa katika jabali, na mbele ya ufa, hatua kumi na mbili tu, alikuwa na bustani ya kunde. Hatua hizo kumi na mbili ndizo zilizokuwa uhai wake. Juu ya jabali lile alizunguka Tai, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mtoto wa pimbi. Wazazi wa pimbi nao hakuwakataa. Mume wa Sikudhani alikwenda uwandani siku moja kutafuta majani na hakurudi. Ndipo mjane akaapa kwamba watoto wake watatu hawatakwenda uwandani maadamu yeye yu hai. Akapanda kunde mlangoni, ili wakisikia mbawa wawe wamekwisha kuingia ndani.

Mwaka huo mvua ilikuwa ya kubahatisha, na mbegu alizokuwa nazo zilijaa kiganja kimoja. Alizipanda zote, mistari minane. Zilipoota na kuanza kufunga maganda, alikuwa akizihesabu asubuhi, akizihesabu jioni. Maganda yakikauka salama, mbegu ya mwakani ipo. Yakiliwa, uwanda unawangoja.

Basi asubuhi moja akatoka, akakuta mistari miwili imekatwa mpaka shinani, na ua wake wa fito haujaguswa. Aliyekula hakupita mlangoni. Aliruka.

Alikuwa Bwana Tandala. Miguu mirefu, kifua kipana, pembe zimesokotwa kama kamba ya kisimani, na ua wa Sikudhani ulimfika magotini. Nyuma yake, kama kawaida, alikuwapo rafiki yake Pofu, naye wa jamii ya swala, mkubwa kuliko yeye lakini mzito wa kufikiri. Sikudhani alikwenda kuwaomba kwa adabu, akaeleza habari za mbegu, za watoto na za Tai.

"Majani ni ya Mungu, bibie," Tandala akamjibu huku anatafuna. "Ungekuwa hutaki niyale, usingeyapanda njiani kwangu."

Pofu alicheka mpaka nyama ya shingoni ikatikisika.

Sikudhani alifanya kila linalojulikana. Alichoma pilipili juu ya kinyesi kikavu cha tembo, moshi ukafuka bustani nzima. Tandala alipiga chafya moja, chyaa, akahamia upande unakotoka upepo, akaendelea kula. Alitundika makombe ya konokono kwenye kamba, yakawa yanagongana kwa, kwa, kwa. Tandala akasema yeye hupenda kula ngoma ikipigwa. Akasimamisha sanamu ya mtu, fito mbili na kibuyu cha kichwa. Pofu akajikunia mgongo mpaka sanamu ikaanguka.

Ikabaki mistari mitatu.

"Mama," akauliza Chiku, binti yake mkubwa, "kunde zikiisha tutakwenda uwandani?"

"Kula, mwanangu," akajibu Sikudhani. Yeye mwenyewe hakula.

Siku hiyo mchana alishuka kijitoni kuchota maji, akipita katikati ya mawe kama alivyozoea. Akamwona Tandala anakuja na njia, kifua mbele, njia nzima yake, Pofu nyuma. Mara Tandala akasimama. Masikio yakasimama. Halafu, puu, akajitupa kichakani pembe na yote, akabana uso kwenye shina la mti kama mtoto anayesubiri wenzake wajifiche. Na kichaka chenyewe kilikuwa cha upupu.

Sikudhani akajibanza nyuma ya jiwe, akijua hakika ni Simba anakuja. Simba hakuja. Alikuja tandala jike mmoja, mzee, hana pembe, anachechemea, kajifunga kanga ya manjano yenye mistari myekundu, na kila baada ya hatua tatu anakohoa. Kh. Kh. Alipita polepole jinsi wazee wapitavyo, akavuka kijito, akapotelea ng'ambo. Muda wote huo Tandala alikuwa ndani ya upupu, hatikisiki.

Alipotoka alikuwa anajikuna mpaka machozi yanamtoka. Pofu akamuuliza kulikoni.

"Yule ni Bi Sijaona, mama yake mke wangu," akasema Tandala, na ungedhani anajisifia vita. "Nimemwoa binti yake mwaka wa saba huu. Sijamtazama mama usoni hata siku moja. Sijala mbele yake, sijakanyaga kivuli chake. Na ile kanga nilimpelekea mimi, doti nzima, siku ya posa. Mwanamume asiyemwonea haya mkwewe ni mwanamume gani?"

Sikudhani alirudi nyumbani na mtungi mtupu. Maji alikuwa ameyasahau.

Kesho yake alizunguka njia ya mawe, safari ya nusu siku, hadi nyumbani kwa Bi Sijaona. Njiani alijipangia maneno ya kusema. Ukweli haukuwa na nafasi, kwa sababu kumwambia mama ubaya wa mkwewe ni kumtukana mama mwenyewe, na angefukuzwa kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo alisalimia, akaulizwa hali za watoto, akanywa maji, ndipo akaomba kuazimwa kanga moja ya kufukuzia ndege bustanini.

Bi Sijaona akamtazama. "Ndege gani hao wanaokula kunde?"

"Wakubwa, mama," akasema Sikudhani.

Mzee akakifungua kipande kimoja cha ile doti ya manjano, akakikunja vizuri, akampa. "Kimoja nabaki nacho, kimoja nenda nacho. Ukikitoboa, ukishone."

Sasa angalia kazi ya pimbi. Alizikusanya zile fito za sanamu yake, safari hii hakuzisimamisha wima. Aliziinamisha kama mgongo wa mzee, akazikalisha juu ya kigoda katikati ya kunde, akaegemeza mkongojo ubavuni, akazitandia kanga, mgongo ukielekea njiani. Kisha akaingia ufani na mtungi wake, akangoja.

Tandala alikuja na umande. Aliruka ua kama alivyozoea, na ile kanga aliiona akiwa hewani. Mpaka leo hakuna anayejua aligeukaje hewani, ila aligeuka. Alianguka nje ya ua, akajiinua, akaupa ua mgongo, akainamisha kichwa.

"Hodi hapa," akasema kwa sauti nyembamba. "Shikamoo yake mama."

Sikudhani akaingiza mdomo ndani ya mtungi, akakohoa. Kh. Kh. Kikohozi kikatoka kizito, cha kifua cha mtu mzima. Halafu akachungulia mlangoni, akazungumza kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa mama mkwe hasemi na mkwewe ana kwa ana, husema kupitia mtu.

"Mama anasema marahaba. Amekuja kukaa kwangu mpaka kunde zikauke. Ameambiwa hewa ya jabali inafaa kifua. Anauliza, mkwewe amepotea njia?"

"Mwambie mama nimepotea," akasema Tandala, akaondoka upande upande kama kaa.

Basi, ungedhani Sikudhani atalala usingizi. Wapi. Njia ya mwongo ni fupi, naye alijua anatembea juu yake. Upepo ukivuma, anatoka mbio kushika mkongojo usianguke. Tandala alipopita mbali na kusalimia, yeye alikohoa mtungini mpaka koo likamwasha. Siku moja Tandala alituma Pofu alete mzigo wa majani mabichi, zawadi ya mama mkwe, na watoto wa pimbi wakashiba kwa mara ya kwanza mwezi ule. Sikudhani aliwatazama wakila, akaona haya, na hofu yake ikazidi.

Siku nane zikapita. Maganda yalianza kubadilika rangi. Bado siku mbili tu, akawa anajiambia. Kuyavuna kabla ya hapo kusingesaidia kitu, kwani mbegu mbichi haioti.

Siku ya tisa, mchana, alikuwa chini ya mwamba wa kijitoni akijaza mtungi, akasikia kwato juu ya kichwa chake. Ni Tandala na Pofu, wamekuja kunywa.

"Mama mkwe wako ni mtu wa ajabu," Pofu akasema. "Asubuhi nimemwona ng'ambo, nyumbani kwake, anatwanga, kajifunga ile kanga ya manjano. Nikaja mbio kwa njia ya uwandani. Nikapita jabalini, namkuta amekwisha kukaa bustanini, na kanga ile ile. Na mguu wake ule mbovu."

Tandala akaacha kunywa. Maji yalisikika yakipita.

"Pofu," akasema mwisho, "doti ina vipande vingapi?"

"Viwili."

"Ehe."

"Ehe nini?" akauliza Pofu.

Tandala hakupoteza muda kumweleza. Alisema jua likipoa atakwenda bustanini, atakula mpaka mizizi, ataukanyaga ule ua mpaka uwe kuni, na pimbi na wanawe wakale uwandani kama wenzao, Tai naye ana watoto.

Sikudhani aliuachia mtungi. Ukaenda na maji.

Alikimbilia kwanza nyumbani, akawaamuru watoto waingie ndani kabisa, nyuma ya jiwe kubwa, wasitoke hata wakiitwa kwa majina. Kisha akasimama mlangoni, akatazama. Njia ya mawe ilikuwa nusu siku. Njia ya uwandani, kama ungekimbia, ungefika kabla chungu hakijachemka. Juu, Tai alikuwa anazunguka. Sikudhani alimkumbuka mumewe, akafumba macho, akayafumbua, akakimbia.

Alikimbia tumbo likigusa nyasi. Kivuli kilipopita juu yake alijitupa chini ya kichaka, akangoja, akakimbia tena. Mara mbili alijitupa. Mara ya pili upepo wa mbawa ulimpuliza mgongoni, fuu, na manyoya yake yakasimama mpaka alipofika mlangoni kwa Bi Sijaona.

Mzee alikuwa anapepeta unga. Sikudhani, akiwa hana pumzi, alisema amekuja kumwalika: kunde zimekaribia, mama aje achume majani ya mboga na achukue kanga yake. Leo. Sasa hivi, kama mama hatajali.

"Haraka haraka haina baraka," akasema Bi Sijaona, akaendelea kupepeta.

Ee Mola wangu. Alimaliza kupepeta. Akaufunika unga. Akanawa uso. Akatafuta kilemba, hakukiona, kumbe amekikalia. Akasema hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, akaanza kuchagua maboga, hili dogo, hili limeoza. Sikudhani alikuwa anatazama jua linavyoshuka na kucha zake zinakwaruza sakafu. Alitaka kusema, mama, mkweo ananiua. Neno lilimfika kooni, akalimeza.

"Twende basi," akasema mzee hatimaye, akaliweka boga kichwani. "Mguu wangu hauwezi mawe. Tunapita uwandani."

Wakapita uwandani, mzee anachechemea, pimbi yuko chini ya tumbo lake kati ya miguu minne. Kivuli cha Tai kilikuja kikawapitia. Hakikurudi. Hatua tatu, kikohozi. Hatua tatu, kikohozi. Sikudhani aliona hatua zile ni ndefu kuliko mwaka mzima. Na walipokaribia jabali alisikia fito zinavunjika. Kacha. Kacha.

Tandala alikuwa ndani ya bustani. Mstari mmoja ulikuwa umekwisha na wa pili alikuwa katikati yake. Alikuwa ameipiga sanamu kwa pembe kwa hasira ya siku nane za kujipinda, na ile kanga ikajisokota katika misokoto ya pembe zake, ikamfunika macho. Hakujali. Kinywa kimejaa kunde, miguu inacheza, na anaigiza kuchechemea.

"Mnamwona mama mkwe?" akawa anasema. "Kh, kh. Hewa ya jabali inafaa kifua. Kh, kh. Pofu, mbona hucheki?"

Pofu hakucheka kwa sababu alikuwa ametazama nyuma. Akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kisha akageuka na kwenda zake bila kuaga.

Bi Sijaona alisimama kwenye ua uliovunjika, boga kichwani. Akakohoa. Kh.

"Hapo umepatia, Pofu," akasema Tandala. "Lakini yeye huwa mzito zaidi."

Akakohoa tena. Kh. Kh.

Tandala akaacha kutafuna. Hakuna aliyemwambia kitu. Shingo yake ilikijua kikohozi kile, maana kwa miaka saba kilikuwa kikimtupa vichakani. Akataka kukimbia, haoni njia. Akataka kuivua kanga, akavuta pembe, ikazidi kujisokota. Na kama angeivua angemwona mama uso kwa uso, na kunde ziko mdomoni. Kuzimeza ni kula mbele yake. Kuzitema ni kumtemea. Akasimama vivyo hivyo, mashavu yamejaa.

Mzee akalitua boga. Hakumtazama. Alimtazama Sikudhani, akasema kwa utulivu, "Mwambie mtu huyo, kanga aliyoivaa kichwani naijua."

"Mama anasema kanga anaijua," akasema Sikudhani.

Tandala akatoa mguno tu.

"Mwambie nilisikia ana nguvu, nikampa binti yangu. Sikuambiwa nguvu zenyewe ni za kumpokonya mjane mboga. Mwambie ua huu ataujenga upya, wa miiba, kimo cha pembe zake. Ajenge mbele yangu, nikiwa nimempa mgongo. Asipojenga, binti yangu anarudi nyumbani."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," akasema Tandala kwa shida, na hapo ndipo kunde zikamponyoka.

Mzee akageuza mgongo, Tandala akainama, Sikudhani akaifungua kanga kwenye pembe, kisha Tandala akajenga. Alikata miiba kwa pembe zake, akaiburuta, akaisimika, siku mbili mfululizo, akifanya kazi kinyumenyume ili asimwone mama. Bi Sijaona alikaa kwenye kigoda kile kile, na safari hii kikohozi kilikuwa chake. Mstari mmoja na nusu ulibaki, na siku ya pili jua lilipopanda, maganda yakaanza kupasuka yenyewe, pa, pa. Watoto wakaokota mbegu moja moja. Zilijaa viganja viwili.

Mzee alipokuwa anaaga, Sikudhani alileta ile kanga, imeshonwa mahali pembe zilipoitoboa. Alipiga magoti, akakiri kwamba hapakuwa na ndege.

"Nilijua," akasema Bi Sijaona. "Kwetu ndege hawali kunde. Ila nilitaka kuona mpaka lini utaniogopa kuliko unavyomwogopa mkwe wangu."

Kisha akaichukua kanga, akaitandika juu ya ua mpya, upande unaotazama njiani, akaondoka akichechemea na doti yake pungufu. Mpaka leo tandala akiona kitu cha manjano njiani husimama kwanza akafikiri, na pimbi mpaka leo hula karibu na mlango wake.

Asiyeogopa ua, mtafutie anayemwonea haya.